Ndimu Nne Chini ya Gari Jeupe

Mpaka leo nikiona ndimu sokoni napita njia nyingine, na marafiki zangu wakitaka kunitesa huniletea juisi ya ndimu kisha wananitazama uso. Wacha wacheke. Aibu yenyewe nimeshaizoea, sikatai, lakini nawaambia siku ile niliyoenda kuchukua gari jipya nilishikwa na hofu ambayo haijawahi kunishika tena, na nilifedheheka mbele ya watu wa mataifa yote waliokuja kununua magari upande ule wa London, na yote yalianza na ujumbe mmoja wa simu ambao ningeweza kabisa kutoutuma.

Naitwa Mwakio, mtu wa Voi, muuguzi, nakaa Thamesmead na mke wangu Wakesho. Mimi ni mwoga. Naogopa ngazi za umeme, naogopa bahasha zenye nembo ya serikali, naogopa simu ya nyumbani ikilia alfajiri. Na mwaka ule Wakesho aliposhika mimba woga wangu ulizidi mara dufu, kwa sababu mimba ya kwanza ilitutoka tukiwa kituoni tunangoja basi, mvua inanyesha, yeye ameinama ameshikilia nguzo na mimi nampungia mkono kila mwenye gari anayepita. Daktari alituambia kwa upole kwamba hata tungefika mapema isingesaidia kitu. Nilimwitikia, lakini moyoni niliapa kwamba mtoto mwingine hatangoja basi.

Sasa muuguzi anatoa wapi gari jipya? (Lililotumika nilikataa, maana niliona nikilinunua litazima njiani siku ya uchungu, hivyo ndivyo akili yangu inavyofanya kazi.) Ndipo nikakumbuka kadi. Sisi wafanyakazi wa afya tuna chama kimoja chenye mpango wa punguzo kwa wanachama, unalipa ada yako, unapewa kadi na tovuti ya kuingia, na kwa miaka yote niliyokuwa mwanachama faida niliyoiona ni piza ya bei nafuu na jozi ya viatu vilivyonibana. Kumbe mle ndani, chini kabisa ambako watu wenye shughuli zao hawafiki, kuna magari mapya, na punguzo lake si la mchezo! Masharti ni kwamba ununue kwa muuzaji waliyepatana naye, na wetu alikuwa Southall, upande wa pili kabisa wa jiji. Mwanachama aende mwenyewe kulichukua siku aliyopangiwa. Na kukitokea tatizo lolote wakati wa kukabidhiwa, muuzaji awasiliane na ofisi ya mpango, punguzo lisimamishwe kwanza. Hayo maneno mawili, tatizo lolote, yaliniondolea usingizi. Hata hivyo nikachagua gari dogo jeupe la umeme (Wakesho aliuliza mbona jeupe, nikamwambia jeupe linaonekana kwenye ukungu), nikasaini, nikaanza kungoja.

Basi siku moja kabla ya kwenda, hofu ikaniingia upya. Kwetu kanisani gari jipya haliendi popote bila kuombewa, hilo mnalijua. Kwa kawaida huombewa Jumapili baada ya ibada, pale nje ya ukumbi tunaokodi, watu wanaweka mikono, Mama Mchungaji anapaka mafuta, picha zinapigwa, watu wanakula mandazi. Lakini mimi nikaifikiria njia nzima kutoka Southall hadi Thamesmead, Wakesho ndani na tumbo la miezi minane, na gari halijaombewa hata neno moja. Nikamwandikia Mama Mchungaji: "Mama, kesho tunachukua gari. Tukumbuke kwa maombi, hata ukiwa nyumbani kwako."

Akajibu papo hapo: "Nyumbani tena, mwanangu? Nitumie mahali lilipo."

Nikamtumia ramani. Kidole kimoja tu, basi.

Kesho yake tukapanda treni, tukafika mapema, tukaingia kwenye ukumbi wa magari. Sakafu inang'aa mpaka unaona soli za viatu vyako, na ukuta wote wa mbele ni kioo kinachotazama barabara kuu. Kijana wa mauzo, Darren, mrefu, mwenye tabasamu la kulipwa, alitupongeza kwa Kiingereza, akanyoosha mkono kuelekea mwisho wa ukumbi, akasema lenu ni lile jeupe kule, milango iko wazi, ufunguo uko ndani, litazameni taratibu mimi naleta karatasi. Mimi nikatazama kule mwisho, nikaona gari jeupe limesimama likiwa limeelekea kioo. Sikuona nguzo iliyokuwa nyuma yake. Wala sikuona kilichokuwa nyuma ya nguzo.

Kabla hatujalifikia, milango ya mbele ikafunguka na akaingia Mama Mchungaji na kitenge chake cha njano. Nikafurahi. Nyuma yake akaingia Shemasi Kioko, dereva wa basi dogo la kanisa. Nikaacha kufurahi, kwa sababu kama Kioko amekuja basi limekuja, na kama basi limekuja halikuja tupu. Wakaingia kwaya ya akina mama wote, wamevaa sare.

"Mama," nikamnong'oneza, "hapa ni kwa watu. Tafadhali tuombe kimyakimya."

"Kimya kabisa, mwanangu. Hawatajua hata kama tulikuja."

Na nadhani alikusudia kweli. Tungeomba dakika mbili, watu wangedhani tunapiga picha, mngekuwa hamna kisa cha kusikia leo. Lakini Shemasi Kioko ni mwanamume, na mwanamume akiona gari la mwenzake lazima alipige gurudumu teke la kulipima. Akaenda, akainua mguu, akausimamisha hewani. Akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Mchungaji, kuja uone."

Chini ya gurudumu la mbele, mahali ambapo mpira unagusa sakafu, kulikuwa na ndimu. Mbichi, kijani, imewekwa kwa uangalifu. Tukazunguka. Kila gurudumu na ndimu yake.

Mama Mchungaji akanigeukia, akashusha sauti, na sauti yake ikishuka ndiyo ya kuogopa.

"Mwakio. Ni nani mwingine alijua unanunua gari?"

Jamani. Mimi ni muuguzi, nimesoma, nawaambia wagonjwa kila siku kwamba kila kitu kina sababu yake. Lakini swali hilo liliniingia. Nikaanza kuwapitia watu kichwani, mfanyakazi mwenzangu aliyeniuliza habari za punguzo zaidi ya mara moja, jirani wa ghorofa ya chini, binamu yangu mmoja wa Mwatate ambaye hana kosa lolote maskini ila kukonyeza jicho. Kisha nikamwona Wakesho ameshika tumbo kwa mikono yake miwili, ananitazama mimi. Hapo ndipo akili iliponiaga.

"Ombeni," nikasema. "Ombeni vyovyote mnavyoweza!"

Kimya kikaishia hapo. Mama Mchungaji aliwapanga kama jenerali. Wengine pembeni, mikono juu ya paa. Wakesho na akina mama wawili mbele, mikono kwenye boneti, "kwa sababu mama mjamzito ndiye anayelengwa." Kioko nyuma. Mimi nikaambiwa niketi kwenye usukani nimiliki kilicho changu, na yeye mwenyewe akaingia upande wa pili, akatoa kwenye mkoba kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, sasa kina mafuta ya zeituni.

"Washa gari."

"Mama, kwani lazima?"

"Utamwombea mtu aliyelala?"

Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Skrini ya mbele yangu ikawaka rangi, lakini muungurumo hakuna. Nilijifunzia udereva kwenye pikapu ya mjomba iliyokuwa ikinguruma mpaka kuku wanakimbia, na hata mtihani wa hapa niliufanya kwa gari la gia. Gari la umeme nilikuwa nimeliendesha mara moja tu, siku ya majaribio. Kwa hiyo kichwani mwangu gari lisilonguruma ni gari lililozimwa. Nikatulia.

Maombi yakapanda. Kwaya ikajibu. Kule mbali niliona watu wakiacha kahawa zao wakisimama. Mama Mchungaji akapaka mafuta usukani, akapaka dashibodi, akapaka kile kidude cha katikati cha kuchagulia gia, ambacho kwenye gari lile ni cha kuzungusha kama kitufe cha redio, na alipokipaka hakukipaka tu, alikizungusha kwa imani yote. Kisha akapaza sauti: "Fumba macho! Inua mikono! Achilia kila kitu!"

Nikafumba macho. Nikainua mikono. Na kwa kuwa niliambiwa niachilie kila kitu, mguu nao ukaachilia breki.

Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga nyanya. Halafu mwingine. Halafu harufu ya ndimu. Nikafungua macho.

Gari lilikuwa linatembea. Polepole, kimya, kama mtoto anayeiba sukari, linakwenda mbele kuelekea kioo. Na mbele ya gari alikuwa Wakesho wangu, mikono kwenye boneti, macho amefumba, anarudi nyuma hatua moja, hatua nyingine, uso umejaa machozi ya furaha. Wote walikuwa wamefumba macho! Wote walikuwa wanakwenda na gari. Walihisi chuma kimeanza kusogea mikononi mwao wakajua maombi yamejibiwa, na wakaongeza sauti. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anasema, "Nguvu hiyo! Naisikia nguvu hiyo!"

Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilikuwa na pedali mbili miguuni, moja ya kumwokoa mke wangu na nyingine ya kumuua, na mimi nilisahau ipi ni ipi. Mguu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi ambayo haipo. Wa kulia ulikuwa hewani. Nilijaribu kupiga kelele, lakini nani angenisikia kwenye yale maombi? Niliona tumbo lake juu ya boneti na kioo nyuma ya mgongo wake, na nafasi iliyo katikati inapungua, na nikamwona tena ameinama pale kituoni, mvua, nguzo, nikasema moyoni ni mimi, safari hii ni mimi mwenyewe nimemfanyia.

"Wewe kijana!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukumbi, ya mzee, kali, ya Kiswahili.

"Breki! Ile pana! Kanyaga ile pana, wacha hiyo nyembamba!"

Sikujiuliza Kiswahili kile kimetoka wapi. Nikatazama chini, nikaiona ile pana, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likasimama ghafla, kichupa cha Mama Mchungaji kikaruka kikagonga kioo cha mbele, na mafuta yote yakamwagika kwenye dashibodi na kitenge chake na suruali yangu.

Wakesho alikuwa amegusa kioo kwa mgongo. Kati ya magoti yake na gari ungeweza kupitisha kitabu cha nyimbo, si kinene. Akasema, "Amina." Kisha akafungua macho, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mwakio," akasema, "mbona niko huku?"

Nilishuka, nikamvuta pembeni, nikamkumbatia na mafuta yangu, nalia mbele ya kila mtu kama mtoto aliyepotea stendi. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, nilimsikia. Kioko alikuwa amekaa sakafuni. Mama Mchungaji peke yake alikuwa bado ndani ya gari, mikono magotini, amenyooka kabisa.

Darren akaja mbio na karatasi zake, tabasamu limekwisha, akaniambia kwa Kiingereza chenye adabu ya kutisha: "Bwana, gari lako ni lile pale nyuma ya nguzo."

Nikageuka. Kweli, nyuma ya nguzo kulikuwa na gari jeupe lingine, bado linafutwa na kitambaa.

Mwenye hili la ndimu alikuwa ndiye yule mzee aliyenipigia kelele ya breki. Mhindi, sweta ya kijivu, kikombe cha chai bado mkononi, na nyuma yake mkewe, kamama kadogo kenye shali, anakuja anatazama sakafu.

"Nani ameponda ndimu zangu?" akauliza, kwa Kiswahili vilevile.

"Zako?" Mama Mchungaji alitoa kichwa dirishani.

"Zangu. Nimeweka na mkono yangu mwenyewe. Gari mpya ikikanyaga ndimu, mabaya yote inaisha. Sasa nyinyi ndiyo mmekanyaga!"

Katika miaka yote niliyomjua Mama Mchungaji sijawahi kumwona akikosa neno. Siku ile alivua kilemba chake kizuri cha kitenge, akaanza kufuta dashibodi.

Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kumcheka, kwa sababu meneja alikuwa amekwisha kufika, mwanamke wa suti nyeusi, simu mkononi, anauliza kama kuna aliyeumia, nani alikuwa kwenye usukani, na je, huyu ni mteja wa mpango wa wanachama? Nikasikia yale maneno mawili yangu yanakuja. Niliona punguzo limekwenda, gari limekwenda, nikaona polisi, nikaona leseni yangu ya uuguzi mezani mbele ya watu wenye miwani, nikaona Wakesho na uchungu wake kwenye kile kituo cha basi.

Yule mzee akanisogelea, akaninong'oneza.

"Mtu wa wapi?"

"Voi, mzee."

"Voi!" Uso wake ukafunguka. "Mimi ni wa Kisumu. Treni ya Mombasa ilikuwa inasimama Voi, tunanunua mayai ya kuchemsha kwa dirisha, na chumvi kwa karatasi. Bibi yako ako sawa?"

"Ako sawa, mzee. Nisamehe, mzee. Nilikuwa sijui..."

"Nyamaza."

Akamgeukia meneja, akasema kwa Kiingereza, taratibu, bila hata kupepesa jicho, kwamba hakuna tatizo lolote. Hawa ni watu wa nyumbani kwake. Amewaalika yeye mwenyewe waje wamwombee gari lake, ndivyo desturi ya kwao ilivyo, na huyu kijana alilisogeza kidogo kwa idhini yake. Meneja akamtazama yeye, akatutazama sisi, kwaya nzima ya sare na shemasi aliyekaa chini, akatazama ndimu zilizopasuka. Akauliza, watu wa nyumbani? Mzee akasema ndiyo, nyumbani. Meneja akarudisha simu mfukoni.

Mzee akarudi kwa Kiswahili, akamwambia Mama Mchungaji: "Lakini umeanza, sasa maliza. Utaacha gari yangu nusu?"

Mama Mchungaji akashuka, kichwa wazi, nywele zimesimama, akaweka kidole kimoja kwenye mlango wa lile gari, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Sote tulikuwa macho wazi. Kioko alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva kama mlinzi, mguu kwenye ile pana.

Yule kamama alikuwa amemshika Wakesho mkono, anamgusagusa tumbo, anaongea naye polepole, sikusikia nini. Baadaye akafungua mkoba wake akatoa ndimu nyingine, akaenda moja kwa moja kwenye gari letu nyuma ya nguzo, akainama kwa shida akaziweka, gurudumu kwa gurudumu. Nilimtazama Mama Mchungaji. Mama Mchungaji alikuwa anazitazama taa za dari.

Tulirudi Thamesmead kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, Wakesho kiti cha nyuma, basi la kanisa nyuma yetu na taa za tahadhari zinawaka na kuzimika njia nzima, na madereva wa London walinipigia honi na kuniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Sikuyajali. Nilikuwa nasema kwa sauti, kila baada ya taa za barabarani, "Ile pana, ile pana," na Wakesho kule nyuma akawa ananiitikia, "Ile pana."

Siku ya uchungu ilipofika hatukungoja basi. Tulifika hospitali mapema mno, tukaambiwa tuzunguke kwanza tunywe chai. Binti yetu alizaliwa mzima, ana sauti kubwa, anaelewa Kiswahili chote na anatujibu kwa Kiingereza. Wale wazee wa Southall walimletea shali.

Mimi niliweka nadhiri, na naishika: gari langu litaombewa likiwa limezimwa, mimi nikiwa nje, macho wazi, ufunguo nimeushika mkononi. Watu wanasema sina imani ya kutosha, nawaambia ninayo, ila haiendeshi gari. Na mahali nilipo siku hizi simtumii mtu, hata akiuliza.

Lakini Wakesho hajaweka nadhiri yoyote, hata hajawahi kunilaumu. Ila mpaka leo nikiwa nimeketi kwenye usukani hapiti mbele ya gari. Anazunguka nyuma, kwenye buti, hata mvua ikinyesha, hata akiwa amebeba mifuko, na mimi nakaa ndani na mguu wangu juu ya ile pana nikimfuata kwa vioo. Juzi tulikuwa tunatoka sokoni, binti yetu alikuwa ametangulia mbio kufika garini, mimi niko ndani tayari. Alifika kwenye boneti, akasimama, akageuka, akazunguka kwa nyuma. Hakuna aliyemwambia.